Kodi imeisha, mpangaji bado yupo: mwongozo kwa wenye nyumba wa Dar es Salaam

Mwenye nyumba akilalamika kwamba mpangaji wake anadaiwa miezi mitatu, mimi humuuliza kwanza: mara ya mwisho alikulipa ya miezi mingapi? Karibu kila mara jibu ni sita. Tumezoea kuamini kwamba kuchukua kodi ya miezi sita kwa mkupuo ni kinga. Ni kinga kweli, kwa miezi hiyo sita. Mwezi wa saba yule kijana wa chumba cha 120,000 anatakiwa atoe 720,000 kwa siku moja, na kipato chake ni kilekile. Hana. Anaanza kukukwepa: anarudi saa tano usiku, anatoka alfajiri kabla hujaanza kufagia uwanja, na simu yako anaiangalia tu ikiita.

Nina vyumba sita Tabata, vinne vya kawaida na masta mbili za uani, tulivyoachiwa na mama yetu. Kabla ya hapo nilipanga Manzese, kwa hiyo hizo mbinu za kukwepa nazijua kutoka pande zote mbili. Huu ni utaratibu ninaoufuata sasa, baada ya kupigwa hela na wapangaji mara tatu.

Hatua ya 1: Mchuje mtu mwenyewe, kabla ya ufunguo

Dalali anakula kodi ya mwezi mmoja siku mpangaji anaingia, na atakula tena siku akiingia mwingine. Mpangaji akikaa kwako miaka minne, dalali amepata mara moja tu. Simlaumu, ndiyo riziki yake. Ila usimwachie akuchagulie mtu. Mwambie akusubiri nje, wewe ukae na mgeni wako nusu saa.

Muulize alikuwa anakaa wapi na kwa nini anahama. Omba namba ya mwenye nyumba wake, kisha omba na ya yule wa kabla yake. Hii ya pili ndiyo yenye thamani. Mwenye nyumba wa sasa, kama amechoshwa na mtu, atamsifia mpaka ushangae, mradi aondoke. Yule wa zamani hana cha kupoteza, atakuambia ukweli.

Kuhusu kipato, swali la "unalipwa shilingi ngapi" peke yake halitoshi. Uliza hela inaingia lini. Mwalimu anapata mwisho wa mwezi, dereva bodaboda anapata kila siku, fundi ujenzi anapata kazi ikiwepo na kipindi cha masika anakaa bure. Ukijua hilo utajua namna ya kumpangia malipo. Na kama mtu anapata laki tatu anataka masta ya laki na nusu, mwelekeze kwenye chumba cha elfu themanini, hata kama ni cha jirani yako.

Chukua nakala ya kitambulisho cha NIDA, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa anakotoka, na namba za watu wawili: ndugu mmoja na mtu wa kazini au kijiweni kwake. Zipigie mbele yake. Halafu mpeleke kwa mjumbe mkamtambulishe. Siku mambo yakiharibika, mjumbe atakuwa anamjua huyo mtu kwa sura.

Hatua ya 2: Mkataba wenye tarehe

Ile mikataba ya kuuzwa stesheneri inafaa kuanzia, lakini ina mapengo. Nimeona wenye nyumba wanaojaza "miezi sita" bila kuandika inaanza lini. Nimeona pia iliyoandikwa Kiingereza kizito ambacho hakuna upande uliokielewa. Andika Kiswahili, na uhakikishe yafuatayo yamo:

- majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, na chumba gani hasa kwenye nyumba gani;
- kodi ya mwezi kwa tarakimu na kwa maneno;
- tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha;
- siku ya mwisho ya kulipa awamu inayofuata (mimi naweka siku kumi kabla ya kuisha);
- nani analipa maji, umeme, taka na mlinzi, na kwa mgawanyo gani;
- notisi ya mwezi mmoja kwa kila upande;
- shahidi mmoja wa kwako na mmoja wa kwake.

Wengi tunachanganya muhuri wa mwenyekiti wa mtaa na ushuru wa stempu. Muhuri wa mwenyekiti unaonyesha kwamba serikali ya mtaa inautambua mkataba. Ushuru wa stempu unalipwa TRA, ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Chumba cha 120,000 kwa mwezi ni 1,440,000 kwa mwaka, kwa hiyo ushuru ni 14,400. Mkataba ambao haujalipiwa unaweza kukataliwa kupokelewa kama ushahidi kwenye kesi ya madai, na hiyo siku utakuwa umesimama mbele ya mwenyekiti wa baraza la ardhi na karatasi yako nzuri isiyosomwa. Elfu kumi na nne ni bei ndogo kwa kuepuka hilo.

Usidhani pia kwamba asiye na mkataba wa maandishi ni mvamizi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inautambua upangaji wa mwaka mmoja au chini hata kama ulikuwa wa mdomo. Uliyemwachia chumba kwa maneno matupu ni mpangaji kamili, tofauti ni kwamba wewe huna cha kuonyesha.

Amana, au dipoziti kama tunavyoiita, kwa vyumba vya kawaida siichukui, inawafukuza watu. Kwa masta nachukua ya mwezi mmoja na naandika itarudishwa lini na itakatwa kwa sababu gani.

Hatua ya 3: Vunja mkupuo

Hapa ndipo nilipobadilisha kila kitu. Mpangaji mpya analipa miezi mitatu ya mwanzo, kisha kila mwezi, au kila miezi miwili kama anapenda. Wenzangu wananiambia nitakuwa nafukuzana na watu kila mwezi. Kweli, nafukuzana. Lakini nafukuzana na 120,000, na tarehe 5 tayari najua nani ameanza kuzama. Mwenzangu wa miezi sita anajua akiwa amechelewa sana, na deni lake kwa mkupuo halilipiki.

Wapo wanaotaka kulipa miezi sita wenyewe, hasa wenye biashara. Sawa, ila wafungulie kibubu. Nina mpangaji wa bodaboda ambaye kila Jumapili ananitumia 30,000 kwa simu, namwandikia kwenye daftari lake na langu. Mwezi ukiisha ameshamaliza kodi bila kuhisi. Alipoingia alikuwa anaogopa kwamba nitazila hizo hela nikatae. Daftari mbili zilimtuliza.

Angalia na kalenda. Mkataba usiishe Desemba wala Januari. Mtu akiingia tarehe 1 Julai kwa miezi sita, awamu yake inaisha tarehe 31 Desemba, yaani ametoka sikukuu na anaingia kwenye ada, sare na madaftari. Hata mwenye nia njema atakuchelewesha. Mimi ningemwandikia minne ya kwanza iishe Oktoba, halafu sita iishe Aprili, halafu sita tena. Januari inapita bila mimi na yeye kuangaliana vibaya.

Risiti toa kila mara, hata kwa elfu kumi, na iandike hela ni ya nini: "kodi ya Mei". Ujumbe wa muamala wa simu unaonyesha hela imefika, hausemi ni ya kodi, ya maji au ya mchango wa msiba. Na hela iende sehemu moja tu. Mtoto wa ndugu yangu aliwahi kupokea kodi ya watu wawili "kunisaidia". Wapangaji walikuwa wamelipa, mimi nikawafokea, na yeye alikuwa na simu mpya. Niliomba radhi kwa aibu kubwa.

Kama umempangisha mtu wa biashara au kampuni, usishtuke ukipokea asilimia 90. Ile 10 iliyobaki ni kodi ya zuio, anatakiwa aipeleke TRA kwa niaba yako na akupe cheti. Hilo halihesabiki kama deni. Mdai cheti.

Umeme nao huzaa madeni ya kununiana. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na kwa nyumba ya kawaida imekuwa shilingi 1,500 kwa mwezi tangu 2023. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa, na kodi ni ya kwako wewe mwenye jengo. Mrudishie au mpunguzie kwenye kodi ya chumba. Ni hela ndogo sana ya kugombania, lakini mpangaji asiyetaka kulipa ataanzia hapohapo. Kama wapangaji sita wanatumia mita moja, weka submita, vinginevyo mwenye friji na mwenye taa moja hawatapatana kamwe.

Hatua ya 4: Anza kuongea mapema

Kwa anayelipa kwa awamu ndefu, mimi naanza siku 45 kabla. Meseji fupi:

"Habari za jioni kaka. Nakukumbusha mkataba wetu unaisha tarehe 31 Oktoba. Je, utaendelea? Kama utaendelea, tuongee namna ya kulipa kabla ya tarehe 21. Mama mwenye nyumba."

Swali la "utaendelea?" lina kazi yake. Linampa mtu ambaye hana uwezo tena mlango wa kutokea kwa heshima. Wengi wanaokaa na deni walikuwa hawajui wataanzaje kusema kwamba chumba kimewashinda.

Siku kumi kabla, meseji nyingine. Siku ya kuisha, piga simu. Siku tatu baadaye, onaneni ana kwa ana. Sisubiri wiki mbili. Kila wiki ya ukimya mpangaji anaitafsiri kwamba umekubali, na wewe unaitafsiri kwamba anakudharau, mpaka mkija kukutana hamna mazungumzo tena.

Hatua ya 5: Kikao cha deni

Usimdai mtu koridoni mbele ya wapangaji wenzake. Ukishamtangaza hana tena sababu ya kukuheshimu. Mwite sebuleni, mpe kiti, mpe na chai kama ipo. Uliza maswali mawili: nini kimetokea, na leo una shilingi ngapi.

Jibu la kwanza linakusaidia kumtofautisha aliyekwama na mjanja. Aliyekwama amepoteza kazi, ameuguza, amezika. Mara nyingi yeye ndiye anayekupigia, na analeta hata elfu ishirini. Mjanja ana ahadi yenye tarehe kila wiki, "Ijumaa mama, haki ya Mungu", na Ijumaa simu haipatikani.

Kuna wa tatu, na huyu tunamsahau: anayeshikilia kodi kwa sababu choo kimejaa au bati linavuja. Mwaka mmoja wa masika nilimwandama dada wa chumba cha nne wiki tatu, kumbe godoro lake lilikuwa limelowa kwa bati langu, na alishaniambia mara mbili. Nilileta fundi Jumamosi, Jumatatu akalipa yote. Kabla ya kumwita mtu kikaoni, pita kwanza ukaangalie chumba chake.

Jibu la pili lipokee, hata kama ni kidogo, lakini risiti iseme: "Sehemu ya kodi ya Novemba. Bado 80,000." Halafu andikeni makubaliano ya deni kwenye karatasi yake, mbali na kodi mpya. Anayedaiwa 240,000 kwenye chumba cha 120,000 alipe 160,000 kila mwezi kwa miezi sita: 120,000 ya mwezi husika na 40,000 ya deni. Ukimwambia alete 360,000 mwezi ujao unajidanganya mwenyewe. Asaini, na shahidi wake asaini. Karatasi hiyo ni ushahidi mzito kuliko mkataba, kwa sababu amekiri deni kwa mkono wake.

Usipandishe kodi katikati ya mkataba kwa hasira. Wazee wanakumbuka sheria ya kudhibiti kodi za pango ya 1984 na mabaraza yake. Hiyo ilifutwa 2005, bei sasa ni makubaliano yenu, na makubaliano yanakubana na wewe pia.

Wakati mwingine hesabu nzuri ni kusamehe. Nilishawahi kumwambia mtu aliyedaiwa 360,000: ondoka tarehe 30, acha chumba safi, nimekusamehe. Ndugu zangu walinicheka. Aliondoka tarehe 29, na tarehe 5 nilikuwa na mpangaji mpya. Ningeng'ang'ania ningepoteza miezi mitatu mingine na bado nisilipwe. Kama utafanya hivyo, iandikwe na isainiwe.

Hatua ya 6: Notisi ya maandishi

Makubaliano yakivunjwa, andika barua. Iwe fupi, bila matusi wala historia ndefu:

"YAH: DENI LA KODI NA NOTISI YA KUONDOKA. Kwa mujibu wa mkataba wetu wa tarehe … unadaiwa kodi ya miezi … jumla Sh. … Nakutaka ulipe deni hilo lote ndani ya siku 30 tangu kupokea barua hii. Usipolipa, upangaji wako utakoma tarehe … na utatakiwa kukabidhi chumba. Nitachukua hatua za kisheria bila kukupa taarifa nyingine."

Toa nakala mbili, asaini ya kwako. Akikataa kusaini, mwite mjumbe ashuhudie ukimkabidhi na aandike hivyo kwenye nakala yako. Ipige picha umtumie na kwa WhatsApp.

Usiyoyafanya hata ukichemka vipi

Kung'oa mlango. Kuezua bati. Kukata maji na umeme. Kuweka kufuli juu ya kufuli lake. Kutoa vyombo nje. Kila mtaa wa Dar una hadithi ya mwenye nyumba aliyefanya mojawapo, na mwisho wake unafanana: aliyekuwa mdaiwa anageuka mlalamikaji. Atasema chini ya godoro kulikuwa na laki nane na laptopu ya ofisi, na wewe uliyevunja ndiye unayetakiwa kueleza zilikwenda wapi. Kushikilia friji yake "mpaka alipe" bila amri ya chombo chenye mamlaka kunakuweka mahali palepale.

Polisi nao usiwasumbue kwa kodi peke yake. Watakuambia hilo ni deni, nenda baraza. Waite kukiwa na vitisho, vurugu au uharibifu wa mali.

Hatua ya 7: Mtaa, kata, baraza la wilaya

Anza kwa mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Huko hakuna amri ya kumtoa mtu, lakini madeni mengi yanaishia hapo, kwa sababu hakuna anayependa kuitwa ofisi ya mtaa mara mbili.

Ikishindikana, nenda baraza la kata. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, baraza la kata halitoi tena hukumu kwenye migogoro ya ardhi na nyumba, linasuluhisha tu. Likishindwa kuwapatanisha linakupa cheti kinachosema hivyo, na cheti hicho ndicho tiketi yako ya kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila usuluhishi kufikiwa, unaweza kwenda wilayani bila hicho cheti. Usiruke hatua hii. Ukienda wilayani moja kwa moja utarudishwa, na utakuwa umepoteza nauli na wiki kadhaa.

Beba mkataba uliolipiwa ushuru, makubaliano ya deni, nakala ya notisi yenye saini, daftari la malipo, na uthibitisho kwamba nyumba ni yako au umepewa mamlaka ya kuisimamia. Kwa nyumba za urithi kama yangu hili la mwisho ni kubwa: kama msimamizi wa mirathi ni kaka yako, yeye ndiye anayefungua shauri, au akupe wewe mamlaka kwa maandishi. Nimeona mashauri yakitupwa kwa sababu hiyo tu, deni lenyewe likiwa halina ubishi.

Omba vitu viwili kwa pamoja: nyumba irudi, na deni lilipwe hadi siku atakayotoka. Ukishinda na bado hatoki, usiende na vijana wa mtaani. Unaomba kukazia hukumu, na dalali aliyeteuliwa kwa kazi hiyo, si yule wa kutafuta vyumba, ndiye anayemtoa. Kama wakili ni gharama usiyoiweza, tafuta wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Watakusaidia hata kuandika hayo maombi.

Akitoroka usiku

Hii ndiyo ya kawaida zaidi kuliko kesi. Unaamka, kufuli lipo, dirishani hakuna pazia. Usivunje peke yako. Mpigie yeye, wapigie wale watu wawili uliochukua namba zao alipoingia, tuma meseji yenye siku saba. Zikiisha, mwite mjumbe na mwenyekiti, fungueni pamoja, pigeni picha, orodhesheni kila kilichobaki hata kama ni sufuria lisilo na mfuniko, wote wasaini. Viweke stoo.

Siku hiyohiyo ulizia deni la maji DAWASA, kwa sababu bili inakufuata wewe na nyumba yako. Badilisha kitasa kabla ya kuonyesha chumba kwa mtu mwingine. Na huyo mtu mwingine dalali ameshakwambia yupo getini na hela ya miezi sita mkononi. Mwache asubiri nusu saa. Chukua namba za wenye nyumba wake wawili, anza kupiga na yule wa zamani.